Uzi wa Sweta Mezani

Nimekuwa na cherehani yangu hapa Karurumo kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu muda huo wote nilikuwa nikipima watu kwa sauti. Naita namba, na wifi yangu, anayekaa mlangoni na daftari, anaandika. Bega kumi na tano, kifua thelathini na sita, nyonga arobaini. Januari, foleni ya watoto wa shule wanaotaka sare ikifika hadi kwa muuza mboga, hakuna wakati wa kunong'onezana. Nilijisifu hata kuwa na jicho: mtu akivuka barabara, nazijua inchi zake kabla hajafika ng'ambo. Nguo zangu mwenyewe nilikata kwa kukisia tu. Nani ana muda wa kujipima?

Januari moja ya juzijuzi jirani yangu alimleta binti yake, aliyekuwa anaingia gredi ya kumi. Jua lilikuwa kali na msichana alikuwa ndani ya jaketi zito. Nikamwambia alivue. Nikampima, nikaita kama kawaida, "Kiuno thelathini na nane. Nyonga arobaini na sita." Kwenye foleni mvulana mmoja akasema, "Hiyo ni tanki ya maji," na foleni nzima ikacheka. Nakiri kwamba nami nilitabasamu. Msichana alichukua jaketi lake akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mama alirudi peke yake. Alikaa kwenye stuli, akafungua fundo la leso, akalifunga tena. "Fundi, huyu mtoto amekataa shule. Anasema heri abaki shambani akichuma majani ya muguka. Na wanafungua Monday. Mimi nimeongea nimechoka, baba yake amegomba, wapi." Hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Nilimwomba amlete Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua.

Alikuja na lile jaketi. Mama alibaki nje. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, ikanipotea yote, nikasema tu, "Pole. Mimi ndiye niliyekosa." Nadhani hakuwa amezoea kuombwa msamaha na mtu mzima, maana aligeuka kutazama nyuma yake, aone naongea na nani.

"Ni sawa tu, auntie," akasema. "Hata kama nitaenda, nishonee kubwa. Ile ya kunificha. Si unajua vile niko."

Hapo nikapandwa na hasira. Sina subira, wifi yangu ni shahidi. "Uko vipi? Nionyeshe." Nikachukua bonge la uzi wa sweta, nikalitupa mezani. "Weka kiuno chako hapo. Usijipime. Weka vile unavyokiona wewe."

Alidhani natania. Kisha akauzungusha uzi mezani polepole, akaongeza, akaongeza tena, hadi ukakaribia kuanguka pembeni. Nikakata kipande kingine, nikampa ajizungushie mwenyewe kiunoni, akishike pale kinapokutana, halafu akilaze ndani ya kile cha kwanza. Kilikaa katikati kama sahani ndani ya sinia.

Sikumwambia kwamba ni mwembamba. Si mwembamba, ni mnene kama mama yake, na namba nilizoita zilikuwa za kweli. Lakini ule uzi wa nje haukuwa wake. Alikuwa akiubeba tu, sijui tangu lini. Aliinama akautazama kwa muda mrefu.

"Na huu mwingine ni wa nani sasa?" akauliza.

Nikamwambia mimi sijui, yeye ndiye aliyeuleta. Alicheka kidogo, akafungua zipu ya jaketi.

"Na wewe, auntie. Weka yako."

Mimi, na jicho langu. Nikauzungusha uzi harakaharaka bila wasiwasi, kisha nikainua mikono anipime. Alinipima kwa makini, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akalaza uzi wa pili ndani ya wa kwanza. Nafasi iliyobaki ilikuwa pana. Akaweka kiganja chake pale, kikaingia chote.

Nilizaliwa Kibirichia, kwenye baridi na viazi, na nilipokuwa na umri wa msichana huyu kaka zangu waliniita gunia. Ulikuwa mzaha wa wakati wa mavuno, mbele ya vibarua, nami nikacheka pamoja nao. Sasa nina miaka hamsini na kitu. Nimepima nusu ya vijana wa huku, kumbe nikifika kwangu bado nakata gunia. Macho yalinilowa na sikuweza kuyaficha.

"Pole," akaniambia, kwa upole uleule niliojaribu kumwonyesha mimi.

Jumatatu alienda shule na sketi ya marinda iliyomkaa sawasawa kiunoni. Sitadanganya kwamba alienda akirukaruka. Lile jaketi alikuwa nalo bado, ila amelishika mkononi.

Namba siiti tena. Kila kijana anajiandikia zake kwenye karatasi, na anayetaka uzi, uko kwenye droo. Wengi wanautaka. Wasichana karibu wote huuweka mkubwa, na wavulana wembamba huuweka mdogo kupita kiasi, kisha wanasimama pale mezani wakitazama, nami siku hizi nimejifunza kunyamaza na kuwaacha watazame.

Yule mtoto namshukuru kuliko anavyojua. Jumamosi ile alipoondoka nilichukua kile kipande alichonipimia, nikakilaza juu ya kitambaa, nikajikatia gauni. Wifi yangu aliponiona nalo, aliniuliza ni fundi gani amenishonea.