Upana wa Kamba ya Nguo

Nimechoka kusikia watu wakisema moto ni ajali tu. Mtaani kwetu Murara moto tuliujenga wenyewe, ubao kwa ubao. Mbao zilikuwa ghali, basi jirani akiegemeza nyumba yake kwenye ukuta wako anaokoa mbao za upande mzima, nawe unaona aibu kumkatalia. Avenyu yote, yaani barabara nzima ya mtaa, ikashikana hivyo, mpaka mtu akikohoa nyumba ya tatu unampa pole bila kutoka kitandani.

Moto wa kwanza ulitoka kwenye babula, jiko la makala, ambalo mama mmoja aliliacha likiwaka akaenda kupanga foleni ya maji. Kabla ya chakula cha mchana safu nzima ilikuwa imekwisha, nyumba yangu ikiwemo. Hakufa mtu. Siku zilizofuata tulichambua misumari kwenye majivu, tukainyoosha kwa jiwe ili tujengee tena.

Nasikia miji mikubwa ya dunia nayo ilipata akili baada ya kuungua, ikapanua njia na kuacha kujenga kwa mbao. Huko pengine walikuwepo wahandisi. Sisi tulikuwa na mkuu wa avenyu na kamba yangu ya kuanikia nguo. Tulikubaliana kwamba kila baada ya nyumba mbili paachwe nafasi yenye upana sawa na urefu wa kamba ile, na kila mlango uwe na bido, yaani dumu, la mchanga mweusi wa volkano. Nafasi ya kwanza iliangukia mahali palipokuwa chumba changu cha pili. Nilinung'unika wiki nzima, lakini kamba nilikuwa nimeishika mimi, ningemlalamikia nani?

Kisha vita vikasogea. Dada yangu mkubwa akafika kwa miguu kutoka upande wa Sake, na watoto wanne na shitingi, lile turubai la plastiki wanalogawiwa wakimbizi. Chumba kilichonibakia kilikuwa kimeshajaa wanangu, shangazi na wajukuu wake. Nilipotoka nje nilimkuta dada ndani ya ile nafasi, ameanza kufunga mafundo.

"Yaya, hapana. Hapa tuliachia moto," nilimwambia, nikimwita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa.

"Mudogo wangu, moto haiyakuya. Mvula ndiyo iko hapa."

Ni kweli, moto ulikuwa haujaja, na mvua ilikuwa inanyesha. Niliyafungua mafundo yale kwa mikono yangu huku watoto wake wakinitazama. Walikwenda kulala kwenye darasa la parokia, wamebanana na wengine, na kwa wiki nyingi dada alinipita njiani bila salamu. Majirani walisema nina roho mbaya, na hao hao ndio walioshika ncha nyingine ya kamba. Nilijichukia kwelikweli.

Mvua zikaisha. Mchana mmoja wa kiangazi babula ikapinduka kwa jirani yangu wa ng'ambo ya ile nafasi. Nyumba mbili zikawaka. Tulimwaga mchanga wote wa avenyu, tukabomoa tulichoweza, na moto ukafika ukingoni mwa nafasi ukashindwa kuvuka. Ukuta wangu uliungua kidogo tu kwa joto.

Dada alikuja mbio kutoka parokia. Alisimama pale ambapo shitingi yake ingekuwa. Ukuta wa jirani ulikuwa umeanguka hapo hapo, na mbao zake bado zilikuwa zinatoa moshi. Alizitazama, kisha akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Nikampa, akanywa.

Baada ya hapo akawa anakuja kufua nami. Haukupita mwezi, vita vikaleta watu wengine. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliingia kwenye ile nafasi akaanza kukunjua shitingi. Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni, na sikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu mara ya pili. Dada ndiye aliyeinuka.

"Mama, hapa hapana. Tafazali."

"Sasa nilale wapi?"

Dada aliinama. Akashika ncha moja ya shitingi, yule mama akashika nyingine, wakaikunja pamoja, wote wawili wakilia.