Sayari ya Bwana Mizani

Wenzake kazini walimwita Mizani, naye maskini akadhani ni sifa. Kazi yake ilikuwa kuyauliza mawe kwao ni wapi. Oksijeni iliyofungwa ndani ya jiwe si ya uzito mmoja. Iko nyepesi na iko nzito, wataalamu huziita isotopu, na kila sayari ina mchanganyiko wake, kama kila nyumba ilivyo na harufu yake. Jiwe husagwa, unga ukaingia mashineni, mashine ikasema: hili la hapahapa duniani, lile limeanguka kutoka juu. Kazi nzuri, tena ya heshima. Balaa ni kwamba ilimwangukia mtu aliyedharau kila kisichoingia mashineni, ndugu wa mkewe wakiwemo.

Shemeji yake, fundi seremala, alimletea jiwe jeusi alilozuilia mlango wa karakana.

"Shem, nitazamie hili. Watu wanasema limetoka mbinguni."

"Mbinguni hakuna mawe ya milango, bwana."

"Basi pima, unicheke ukiwa na ushahidi."

Desturi ya maabara ile ilikuwa kwamba kabla ya jiwe jipya, kinu kisage kwanza mchanga safi, umwagwe, kioshwe, kikaushwe. Siku hiyo kinu kilikuwa kimetoka kusaga kimondo, na unga wake umeganda pembeni. Mizani akaona kuosha kinu kwa ajili ya takataka ya seremala ni kujishusha. Akamega kipande, akasaga hivyohivyo.

Majibu yakatoka ya ajabu: si ya dunia, si ya kimondo kijulikanacho, bali katikati. Mwenye akili zake angejiuliza unga wa nani umeingiliana na wa nani. Yeye alijiuliza hiyo sayari mpya ipewe jina gani! Na kiti cha mkuu wa maabara kilikuwa wazi, naye akikimezea mate miaka. Akawatangazia wakubwa kuwa amevumbua dunia nyingine. Seremala akaambiwa jiwe halirudi.

"Na mlango wangu?"

"Zuia na tofali! Unajua ulikuwa unakanyaga nini, ndugu yangu?"

Ndugu yangu! Toka lini?

Wakubwa wakaja, wakataka jiwe lipimwe tena mbele yao. Hapo sasa, kwa kuwa wageni wanatazama, Mizani akavaa koti lililopigwa pasi, akasaga mchanga, akaanza kuosha kinu huku akieleza kama anayefundisha chekechea.

"Tusipokiosha, mawe huazimana ukoo. Mjinga anaweza kujivumbulia sayari nzima kwa..."

Mkono ukasimama ndani ya kinu. Maji yakaendelea kumwagika.

"Endelea," akasema mkubwa mmoja. "Kwa nini?"

Jiwe likatoka la dunia, la kawaida kuliko hata ngazi walizopandia. Mizani akasema mashine imechoka. Hakuna aliyebishana naye. Kiti walimpa mwingine tu.

Seremala alipofuata mali yake, aliliweka sakafuni, akalibonyeza kwa mguu. Likayumba.

"Umelimega upande wa kukalia."

"Jiwe lenyewe la hovyo," akanuna Mizani.

"La hovyo, ndiyo. Lakini lilikuwa na kazi, shem, na kazi yenyewe lilikuwa linaiweza."

Akalikwapua, akaenda zake kulitafutia kabari.