Mtama Uliokosa Moshi

Nimesikia ikisemwa, tena na watu waliosoma, kwamba katika miaka ya Ujamaa wanawake wazee wa Temeke waliyapinga majiko mapya kwa sababu ya ujinga. Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na sikuzoea kuacha maelezo yasiyo ya kweli yabaki bila kusahihishwa. Jiko la kwanza la aina hiyo katika mtaa wetu lilijengwa uani kwangu. Mama yangu alilipinga, na alikuwa na sababu.

Mama alikuja kukaa nasi mwaka ule watu wa kwao, huko kusini, walipohamishiwa katika kijiji kipya. Baba alikuwa ameshafariki. Aliwasili na mkeka, chungu, na furushi la masuke ya mtama lililofungwa kwa kaniki. Mtama huo ulikuwa mbegu ya ukoo, mweupe, wa shina fupi, na mama aliupokea kwa mama yake. Wenzake wa ukoo nao walikuwa na mbegu hiyo hiyo, lakini ya kwao ilinyeshewa kando ya barabara walipokuwa wakingoja malori, ikaota ndani ya magunia. Furushi la mama ndilo lililobaki. Walikubaliana kwamba mashamba yakishagawiwa, na kabla ya mvua za kupandia, mjomba atakuja mjini kumchukua yeye na mbegu.

Siku ile ile aliyofika, kabla hata hajanywa chai, aliyaning'iniza masuke kwenye mapau ya banda letu la jikoni, juu ya mafiga. Moshi wa kuni ulipanda ukayazunguka kutwa. Hivyo ndivyo mbegu zilivyotunzwa kwao.

Haukupita muda akaja bwana mmoja wa idara iliyokuwa ikieneza majiko ya udongo. Kuni zilikuwa zinapatikana mbali zaidi kila mwaka, na jiko lake lilikusudiwa kuzipunguza: lilifunikwa pande zote, lilikuwa na matundu mawili ya kuwekea vyungu, na bomba la kutolea moshi nje kupitia kwenye makuti. Alitaka nyumba ya mtumishi iwe ya mfano. Nilikubali kwa moyo mmoja, na sikuona kwa nini nisikubali.

Katika kuulizana habari za kwao, yeye na mama wakagundua kwamba makabila yao ni watani. Kuanzia hapo hapakuwa na neno la kawaida kati yao.

"Mtani, hiki nini unachonijengea? Kaburi?"

"Lako hili, mtani. Nimepima urefu wako tangu nilipoingia mlangoni."

"Basi liongeze upana, tutalala wawili."

Mke wangu alicheka hadi akaweka chini ndoo ya maji. Kisha mama akaonyesha masuke kwa kidole.

"Na mbegu zangu? Ukiufukuza moshi, nani atazilinda na fukusi?"

"Nitakuja kuzilinda mwenyewe. Fukusi wakiniona watakimbia."

"Mtani, nasema kweli."

"Nami nasema kweli! Sura hii imefukuza chui."

Tukacheka tena, sote. Kwa watani kila neno hupokelewa kama mzaha, na asiyejua kuupokea huonekana mtovu wa adabu. Mama alisema jambo zito kwa mtu pekee mjini aliyekatazwa na mila kulichukua kwa uzito. Nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Ni haki nieleze uzuri wa jiko lile. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha upesi sasa ulidumu. Mke wangu, aliyekuwa akipika huku machozi yakimtoka, aliacha kukohoa. Majirani walikuja kutazama. Mafiga yalitolewa yakawekwa chini ya pipa la maji, maana bwana yule alisema nyumba ya mfano haiwezi kuwa na majiko mawili.

Kipupwe kilipofika mama hakuwa na moto wa kuota. Alizoea kunyoosha magoti yake mbele ya miali. Sasa alikaa kwenye kibao na kubandika kiganja kwenye ukuta wa jiko, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Jiko lenu hili ni mwari," alimwambia mke wangu. "Linafichwa ndani, na joto lake halionwi na mtu."

"Vumilia, mama. Akitoka mwari kuna ngoma."

"Ngoma hiyo nitaichezea magoti gani?"

Nilimshauri azitundike mbegu kwa jirani aliyekuwa bado na mafiga. "Mbegu ya ukoo hailali juu ya moto wa wengine, baba." Alijaribu kuzichanganya na majivu. Lakini jiko lile lilitoa majivu machache, na uchache huo nao ulihesabiwa katika sifa zake.

Mjomba alifika mawingu yalipoanza kujikusanya. Alikuwa na furaha kubwa. Mashamba yalikuwa yamegawiwa, na mama alikuwa amepewa kipande karibu na mto.

"Dada, jembe lako nimelitia mpini mpya. Nipe mbegu tuzifunge vizuri kwa safari."

Mama hakusimama. Alimwashiria mapau. Mjomba akafungua kamba, akashusha suke la kwanza, akalipukuchua kiganjani. Punje zilitoka nyepesi, kila moja na tundu lake, na unga mweupe ukamwagika katikati ya vidole. Akachukua la pili. Akachukua la ndani kabisa, lililokuwa limefichwa katikati. Fukusi walitembea juu ya mkono wake.

"Serikali itatupa mahindi," mjomba alisema hatimaye. "Twende tu, dada."

"Nirudi kwa watu, nikawape nini?"

"Nitawaeleza. Nitawaambia ni hili jiko la mwanao."

Hapo mama akainuka. "Hutawaambia hivyo. Waambie nimezila."

"Dada!"

"Waambie nilishikwa na njaa mjini, nikazitwanga. Bibi kizee mwenye njaa watamsema, watachoka. Mtoto aliyepoteza mbegu ya ukoo hawatamwacha, wala watoto wake."

Nilijaribu kupinga. Alininyamazisha kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Mjomba aliondoka peke yake asubuhi, akafikisha maneno yale kama alivyoagizwa.

Bwana wa majiko aliporudi na wageni wake, nilimweleza habari za mbegu. Alitabasamu. "Kumbe moshi nao ulikuwa na kazi?" Halafu akawaonyesha wageni bomba. Hakumuuliza mama swali hata moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Taarifa yao ilisema kwamba nyumba yetu ilifanikiwa.

Jiko hatukulibomoa, mama mwenyewe alikataa, kwa sababu ya kifua cha mke wangu. Hakwenda kwao tena, hata kwenye misiba. Watu wa kwao wakija mjini walishukia kwingine. Alizikwa hapa Temeke, kati ya watu wasiomjua, na mjomba naye alifariki bila kuyabadilisha maneno aliyotumwa. Nimekwenda kijijini mara moja tangu hapo. Mwanamke mmoja wa ukoo aliponiuliza mimi ni mtoto wa nani, nami nikajibu, alimgeukia mwenziwe akamwambia kwa sauti ya chini, bila chuki, kama mtu anayetaja jina la mto: "Wa yule aliyekula mbegu."

Mama yangu hakuzila.