Mbuzi wa Ntheo Kwenye Diski D

Mwongeli hana subira. Hilo watu wa mtaa wa Umoja watakuambia kabla hujamaliza kuuliza kibanda chake kiko wapi. Ni fundi wa kompyuta, tena fundi hasa, na laptopu za nusu ya mtaa zimepita mikononi mwake. Lakini mashine ikinyamaza kidogo tu, yeye huibonyeza Enta, kisha Enta tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa choo cha pamoja cha ploti asubuhi. Munyao, mumewe, alikuwa akimcheka sana. "Iache ipumue, mama," angemwambia.

Sasa Munyao yuko mochari. Presha ilimwangusha kazini, akafika hospitalini ameshakata roho.

Na unadhani watu walingoja machozi yakauke? Wapi! Kiema, kaka mkubwa wa marehemu, alianza maneno siku ileile. Kwamba huyu mwanamke si mke. Kwamba mbuzi wa ntheo hawakuwahi kupelekwa kwao. Kwa Wakamba hilo si neno dogo: mbuzi hao wakishapelekwa kwa wazazi wa msichana na kuchinjwa, ndipo anakuwa mke wa mtu. Bila hao, hata mkizeeka chini ya paa moja, ukoo unakuhesabu mpita njia. Harusi ya kanisani ilikuwa imepangwa Desemba, kwa hiyo hata cheti cha ndoa hakikuwapo. Basi Kiema akaita wazee wakutane nyumbani kwa Munyao, kule Njiru, alasiri moja wiki hiyo. Mwongeli asipoleta ushahidi, wangemzika ndugu yao wenyewe, na yeye asionekane kaburini.

Ushahidi alikuwa nao, ndiyo maana hakubishana na mtu, aliwaambia tu ataleta video. Siku ya ntheo alirekodi video kwa simu yake. Simu ilinyakuliwa na wezi baadaye, lakini video ilikuwa imeshahamia kwenye laptopu, katika ile sehemu ya kuhifadhia iitwayo diski D. Baba mkwe anaonekana na kisu mkononi. Na anayeshika miguu ya mbuzi, akicheka hadi magego yanaonekana, ni Kiema mwenyewe. Ndiyo, huyo huyo! Baba mkwe ameshafariki, baba yake Mwongeli pia, na waliobaki hai Kiema alikuwa ameshawapitia mmoja mmoja na kuwaambia la kusema. Mwongeli hakuwa na shahidi mwingine duniani.

Mchana wa siku ya kikao, laptopu ikakataa kuwaka. Inaonyesha nembo, kiduara kinazunguka, giza, halafu nembo tena.

Mwongeli aliisukuma mezani kibandani, akachomeka flashi ya kuweka mfumo upya. Lydiah, anayetengeneza simu kibanda cha pili, akaja kusimama mlangoni. Alikuwa ameona uso wa rafiki yake akaingiwa na wasiwasi.

"Si utoe hiyo video kwanza?" akasema. "Nina flashi inayowasha mashine bila kugusa diski. Iko nyumbani."

"Kwako ni Tassia, Lydiah. Mpaka urudi ni lini?"

"Nitaenda nirudi."

"Wazee wanakaa saa hizi. Mfumo uko C, video iko D. Nafuta C peke yake. Nimefanyia watu kazi hii mara ngapi?"

"Za watu, sawa. Hii ni yako."

Mwongeli akageukia skrini. Lydiah akaondoka bila kuaga, akielekea stejini kupanda matatu.

Skrini ya kwanza ikatokea, ikimtaka achague lugha. Akabonyeza. Kimya. Kibodi haikusikia, pedi ya kugusa haikusikia, akachomeka kipanya cha nje, mshale ukabaki pale katikati umekufa. Akakihamisha tundu jingine. Wapi. Akazima, akaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, na huko kila kitufe kikaitika vizuri. Basi kibodi ilikuwa nzima. Flashi ndiyo iliyokosa programu ya kuitambua. Akaichomeka kwenye kompyuta ya kazi, akaiongezea programu hiyo, akaanza upya. Hapo simu ikalia. Ilikuwa ya Kiema, akaiacha ilie.

Safari hii vitufe vilisikia, ila kwa uvivu, unabonyeza sasa jibu linakuja ukishakata tamaa. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alishukuru tu. Akafika kwenye orodha ya sehemu za diski: C juu, D chini yake. Akaiwekea alama C, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Skrini ikaganda. Akabonyeza Enta. Akasukuma kipanya, mshale haukutikisika. Enta. Kufuta. Enta. Simu ikalia tena juu ya meza, jina la Kiema, na vidole vyake vikaendelea kupigapiga vile vitufe viwili huku macho yakiwa kwenye simu. Ilipokatika akashusha pumzi na kuondoa mikono.

Ndipo mashine ikaamka.

Kumbe ilikuwa imesikia yote. Kila alichobonyeza ilikuwa imekiweka foleni, na sasa ikakitekeleza kwa zamu bila kumngoja. Nifute C? Ndiyo. C ikatoweka, alama ikashuka kwenye D. Nifute? Mwongeli alirukia kitufe cha kuzima, akakikandamiza kwa kidole gumba. Ndiyo. Orodha ikabaki mstari mmoja wa nafasi tupu, halafu Enta iliyobaki ikaanza kuandika mfumo mpya juu yake. Mwishowe skrini ikazimika, wakati haikuwa na maana tena.

Alijua diski za siku hizi. Ukiziambia futa, zinafuta kweli.

Aliiwasha tena na kuiacha iendelee. Kwa nini, hata yeye hakujua. Labda alihitaji kitu cha kutazama. Alikaa na mikono mapajani mpaka mashine ilipomaliza na kumuuliza jina la mwenye kompyuta. Sasa kibodi ilikuwa nyepesi ajabu, herufi zinatokea kabla kidole hakijainuka. Akaandika: Mwongeli Munyao. Ikakubali.

Simu ililia mara ya tatu, akaipokea.

"Mwongeli," Kiema akasema, kwa upole. "Wazee wameketi. Tunangoja hiyo video yako."

"Nakuja," akasema.

Akaifunga laptopu, akaitia mkobani, akafunga leso kichwani kama mjane anavyofunga. Lydiah alimkuta akipiga kufuli, naye ameshika flashi mkononi, anahema.

"Imekubali?" akauliza. "Video ipo?"

"Haipo."

"Sasa unaenda kuwaonyesha nini?"

"Naenda kumwangalia Kiema usoni," Mwongeli akasema, "nione kama ataweza kusema mimi si mke huku namwangalia."

Kiema aliweza.