Nilimulazimisha Muzee Aseme Mulima Iko Mukali

Kosa ni yangu. Si ya vita, si ya askari, si ya yule muzee mwenye watu wa quartier, mutaa wetu, walimutukana mpaka akavuka muto. Ni yangu mimi, na leo naisema, hata kama haitasaidia mutu tena.

Musomaji, mimi sikuwa mutu mudogo hapa Kisangani. Nilitoka Kivu kwa miguu na gunia moja ya maharagi kichwani. Sikumaliza hata darasa ya tatu, na bado wenye diploma ndio walikuwa wanakuja kukaa kwa benchi ya depo yangu, duka yangu ya jumla, wakiniomba chumvi. Walikuwa wananiita Patron. Nilipenda lile jina kupita jina ya ubatizo wangu!

Vita ilipoingia, motokari zilikufa moja moja. Mafuta hakuna, mipira hakuna, njia za quartier zikageuka matope mpaka magoti. Alors, mimi ndiye niliwaza kitu yenye hakuna mwenye diploma aliwaza. Kwenye njia ya Bengamisa kulikuwa plantasio moja, shamba kubwa, imekufa zamani, na ndani ya majani reli nyembamba zilikuwa zimelala, zile walikuwa wanasukumia vagoni ndogo kwa mikono. Chuma nyepesi, watu wanne wananyanyua kipande na kutembea nayo. Nilisikilizana na shefu wa kijiji ya pale, nikachukua vijana na baiskeli, tukafanya safari kwa safari mpaka zote zikafika, na vagoni sita pamoja nazo. Watu walitoka kuangalia kama vile askofu amefika!

Tukazilaza chini, kichwa kwa kichwa, tukapima. Zilitosha njia moja tu. Moja! Ndipo maneno yakaanza.

Wengine walitaka reli itoke kwa kivuko, pale pirogi, mitumbwi ya muto, zinashusha vyakula, ifike sokoni. Ile ingemalizikia mbele ya depo yangu. Wengine walitaka itoke sokoni, ipite ndani ya bonde, ifike materniti, hospitali ya kuzalisha ya masista. Ni pale wagonjwa wetu wote walikuwa wanaenda, si wamama tu. Na siku za mvua ile bonde ilikuwa inashika watu mpaka kiuno. Kuna watoto wa quartier walizaliwa mule ndani ya matope, na kuna wenye hawakutoka.

Wakasema tujenge moja kwanza, ile ingine itangoja.

Kazi ya kupima walimupa Papa Gervais. Huyu alikuwa mutu wa reli tangu ujana wake, kule rive gauche, ng'ambo ya muto. Vita ilimukuta upande wetu, akashindwa kurudi kwake, nikamupa chumba nyuma ya lupango yangu, kiwanja yenye nyumba yangu. Alikuwa anakula kwangu na kulala kwangu. Alipima siku tatu na chupa ya maji, nusu imejaa. Anailaza juu ya ubao, anaangalia maji inakimbilia wapi, kisha anapanda kijiti chini na kuendelea. Bonde yote akaipanda vijiti mpaka mulango wa masista.

Siku ya tatu akaja kwenye depo, suruali yote matope.

"Patron, ya materniti ndiyo ya kwanza. Inashuka pole pole, hata bibi muzee anasukuma. Ya kivuko iko na kona mbili mbaya."

"Papa, kesho mbele ya watu utasema mulima ya bonde iko mukali. Utasema vagoni itakimbia na kuua watu."

Akacheka. Alifikiri ni muchezo. "Mulima gani tena, Patron?"

"Ile yenye utaiona kesho."

Kicheko ikakatika. "Mimi kwa reli nilizeeka. Sijawahi kusema mulima pale hakuna mulima."

"Papa, unalala kwa lupango ya nani?"

Aliangalia viatu vyake, akapangusa chupa yake na shati, akatoka. Mimi nilijua nimeshinda. Nilikula vizuri siku ile, pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki, ee Mungu wangu!

Kesho yake tukakutana kwa uwanja wa kanisa. Wa kwanza kusimama alikuwa Yaya Kahindo, dada yangu mukubwa. Ni yeye alinilea kisha mama kufa. Ni yeye alibeba ile gunia ya maharagi siku miguu yangu ilivimba njiani. Mujane, bila mutoto, alikuwa anakaa kwangu, lakini mudomo wake haukukaa kwa mutu.

"Leki yangu," aliniambia mbele ya wote, kama vile mutu anaita mudogo wake, "chumvi inabeba mimba?"

Wamama wakapiga mikono. Mutu mmoja nyuma akapiga kelele: "Jibu, Patron! Inabeba?"

"Basi kama haibebi," Yaya akaendelea, "ingoje kwa pirogi. Haitalia. Tujenge ya materniti."

Nilikasirika, lakini nikacheka, sababu jibu langu lilikuwa tayari limekaa kwa kiti. "Yaya, wewe ulisomea reli wapi? Tumuulize mwenye anaijua."

Watu wote wakageukia Papa Gervais. Akasimama na kofia mukononi.

"Mulima ya bonde... iko mukali."

"Mukali namna gani, papa?" Yaya akauliza. "Mimi ninapita mule kila juma."

"Iko mukali, mama. Vagoni itaua watu." Akakaa.

Bon, ikaisha. Mutu wa reli akisema neno ya reli, nani atabisha? Hata Yaya akakaa chini.

Tukajenga ya kivuko. Siku ya kufungua nilipanda vagoni ya kwanza, nimekalia kiti yangu ya depo, kofia mupya, watu wananisukuma wakiimba. Nilipungia mikono kushoto na kulia! Chumvi, sabuni, mihogo, samaki, yote ikawa inapita mbele yangu. Nilisema kwa roho yangu: Patron, ni nani kama wewe?

Haikumaliza mwezi mbili.

Wakati ule majeshi mawili ya wageni yalikuwa ndani ya muji. Walikuja pamoja kama marafiki, wakaanza kuchukiana mbele ya macho yetu. Asubuhi moja komanda wa upande mmoja akasimama kwenye reli, anaipiga piga na boti, kiatu chake cha kiaskari.

"Hii ni ya nani?"

Mutu mwenye akili angejibu: ni ya quartier. Mimi nikatoa kifua. "Ni yangu, komanda! Mimi mwenyewe niliileta!"

"Vizuri. Toka leo ni yetu."

Vagoni zote sita! Wakawalazimisha majirani zangu kusukuma masanduku ya risasi kutoka kivuko. Na pale reli inaishia, mbele ya depo yangu, wakasimamisha muzinga yao, sababu ni pale masanduku yanafikia. Nani angetaka reli ya materniti? Askari gani anapeleka muzinga kwa wamama wa kuzaa? Hiyo sikuiwaza, mimi mwenye kuwaza kushinda wote.

Siku majeshi yalianza kupigana, upande wa pili haukuhitaji kutafuta. Walipiga mwisho wa reli. Bombe ya kwanza ikavunja ukuta wa depo. Ya pili ikaanguka katikati ya lupango yangu, saa nne ya asubuhi, jua limewaka. Yaya alikuwa anatwanga pondu.

Chuma ilimuingia kwenye paja. Damu ilikuwa inatoka kama maji ya robine ya bomba. Nilimufunga na kitambaa, ikalowa, nikafunga ingine. Masista walikuwa wangali wanafanya kazi kule materniti, hiyo tuliijua. Lakini reli ya kufika kule hatukuijenga, na vagoni zilikuwa kwa kivuko, mikononi mwa askari. Tukang'oa mulango wa chumba, tukamulaza juu yake. Mimi, Papa Gervais, na majirani wawili. Tukaingia bonde.

Matope ilitushika. Kila risasi zikikaribia, tunamuweka chini na kulala kando yake. Papa Gervais alikuwa mbele, anafuata vijiti vyake, sababu ni yeye alijua pale chini iko ngumu. Na mimi nilikuwa naona, musomaji! Kijiti kwa kijiti, njia inashuka pole pole, sawasawa kama alivyosema kwenye depo.

Yaya naye aliona. Alikuwa amelala, uso wake mweupe kama unga, macho yake yanafuata vijiti.

"Leki," akasema, "mulima iko wapi?"

Nikaangalia miguu yangu ndani ya matope.

"Gervais, baba. Mulima iko wapi?"

Muzee akakanyaga kando ya kijiti ingine, tukamufuata. Tulipofika kwa mulango wa masista, sista mmoja akashika shingo ya Yaya, akaangalia saa, akatikisa kichwa. Alisema kama tungefika mapema kidogo, angepona. Kidogo tu! Vagoni ingefika mapema kidogo.

Matanga tuliifanya kisha mabombe kunyamaza, nyumba nyingi zilikuwa na matanga siku zile. Watu walikuwa na hasira, wanauliza: ni nani alitupa hii reli ya kutuua? Na wale majirani wawili wakasema wazi kwamba bonde haina mulima, wameipita na muzigo.

Niliona Papa Gervais anasimama. Nilifikiri: leo niko nimekwisha.

"Ni mimi," akasema. "Nilipima vibaya. Macho yamezeeka. Munisamehe."

Aliniangalia. Alinipa nafasi, nimeiona wazi, alingoja nifungue mudomo. Nilikuwa na sahani mukononi. Niliinamisha kichwa, nikaendelea kula.

Mawa, huzuni gani! Wakamurukia. "Muchawi!" "Umekula watu wetu!" Wakamutupia majivu, mwanamuke mmoja akamupiga na sandale. Akaokota kofia yake, akatoka bila kuingia hata kuchukua chupa yake. Akashuka kwa muto. Mutu wa pirogi alikataa kumuvusha, sababu risasi zilikuwa hazijaisha kule, muzee akamuomba mpaka akakubali. Nimetuma watu rive gauche mara nyingi. Hakuna mutu kule amemuona, wala ile pirogi.

Nilijaribu kusema ukweli, naapa. Nilisema kwa majirani: Gervais hakukosea, ni mimi nilimulazimisha. Unajua walijibu nini? "Patron, uko na roho nzuri. Unamufunika muzee hata kisha kukuulia dada." Wakanisifu! Nilizoeza watu kuamini mudomo wangu wakati unadanganya, sasa unasema kweli hawautaki.

Na hapa pia sikuandika jina yangu. Naogopa bado. Ndiyo mutu wa namna gani niko.

Askari walipoondoka waliacha reli kidogo, zingine waliezekea mahandaki yao. Juma iliyopita watu wa quartier wamekuja kwangu, wamevua kofia: "Patron, hizi zilizobaki tuanze na njia gani?" Nimezihesabu. Hazifiki materniti, hazifiki kivuko, hazifiki popote. Nimewauliza ni nani atapima. Wakasema: "Wewe."

Wewe mwenye watu wanakula kwako na kulala kwako, nakuomba: usiwaguse midomo. Wape chumba, wape chakula, lakini wakikuambia bonde haina mulima, nyamaza, ushike reli upande mmoja na uanze kubeba. Mimi sina tena wa kuniambia.