Tulivyoondoka Goma na Gari la Mkate

Siku mume wangu alipoingiza lile gari la mkate katika parsele yetu, yaani kiwanja chetu cha nyumba, mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono, akalizunguka mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa hili ni la kubeba watoto gani?"

Mimi nilikuwa kwenye mashini yangu ya kushona, karibu na dirisha, nikaendelea kukanyaga kana kwamba sikusikia. Nilikuwa hodari wa kutosikia. Miaka minane ya ndoa ilikuwa imenifundisha.

Mume wangu alikuwa shofere. Kila asubuhi alisambaza mikate kutoka tanuri moja la mjini mpaka Birere, na siku nyingine mpaka Rutshuru. Halafu unga ukaanza kukosekana katika Zaïre yetu. Wiki moja upo, wiki mbili haupo, na mwishowe mwenye tanuri akafunga milango akarudi kwao. Kabla ya kuondoka alimwachia mume wangu gari, kama shukrani ya kazi ya miaka mingi. Lilikuwa kamioneti ya zamani yenye sanduku kubwa la bati nyuma, milango miwili, na rafu za mbao kushoto na kulia. Tulisugua ndani kwa sabuni na maji ya ziwa, lakini harufu ya mkate haikutoka.

Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama wa fulani, Papa wa fulani. Sisi hatukuwa na huyo fulani. Majirani waliniita "bibi ya shofere", yaani mke wa dereva. Mawifi zangu, walipotaka kuniumiza, waliniita kwa jina langu la usichana, kwa sauti ile ya kumtuma msichana mdogo kuteka maji. Ndiyo maana, ucheke au usicheke, nililipenda lile neno ambalo serikali ilitulazimisha wote kuitana: sitwayeni, yaani mwananchi wa kike. Ofisini au posta wakiniita sitwayeni, neno hilo halikuwa linauliza kama nimezaa.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane kutoka milima ya Masisi, mwanamke mrefu mwenye mikono ya jembe. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo leo. Wakati ule nisingesema. Alinitafutia dawa za majani kila upande, akazichemsha mwenyewe, akasimama mbele yangu mpaka nimalize kikombe. Alinipeleka kuombewa. Dawa na maombi viliposhindwa, akaanza kumtaja msichana mmoja wa Masisi, binti wa rafiki yake wa kanisa. "Mimi sifukuzi mutu," alikuwa akisema mbele ya wageni, nami nikiwa pale pale naleta chai. "Lakini mwanangu hawezi kuzeeka bila mutoto. Udongo ukikataa mbegu, mutu anafanya nini?"

Siku chache baada ya gari kuletwa, mume wangu aliniambia tukiwa tunakula, "Tuondoke."

"Twende wapi?"

"Tuzunguke inchi. Butembo, Beni, Mambasa, mpaka Kisangani. Hili gari litakuwa nyumba. Wewe utashona katika masoko, miye nitatengeneza magari ya watu. Tukichoka, tutarudi."

Nilicheka. Sikujua mtu yeyote aliyefanya jambo kama hilo. Watu walisafiri kwenda kwenye msiba, kwenye biashara, kwa ndugu. Lakini kesho yake aliazima msumeno, akaondoa rafu za upande mmoja, na mbao zake akazifanya kitanda. Alikata dirisha katika bati akaliwekea kifuniko cha kufunga wakati wa mvua. Chini ya kitanda tuliweka sufuria, maharagwe, jembe, mipira miwili ya magurudumu ya akiba na pipa dogo la mazutu, yaani dizeli, kwa kuwa njiani hukujua utayapata wapi. Majirani walikuja kuchungulia. "Mutu mzima alale katika gari sawa muzigo?" mmoja aliuliza, na wote wakacheka. Mimi nikashona pazia.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara. Sote wawili tulikuwa ndani ya gari, yeye akipigilia misumari ya kushikia pazia, mimi nikiwa nimelinyoosha. Akasema bila kugeuka, "Ile siku nilienda kuchukua majibu ya lopitali, sikukwambia yote."

Nilikumbuka siku hiyo. Tulikuwa tumepimwa sote, miaka miwili nyuma, na yeye alikwenda peke yake kuchukua majibu. Alirudi akasema daktari amesema tungoje.

"Walisema ni miye," akasema. "Ni miye siwezi kuzaa. Wewe huna kasoro."

Niliketi juu ya kitanda. Watu wakinisikia nikisimulia hapa hudhani nililia. La. Kitu cha kwanza kilikuwa nafuu, nafuu kubwa mpaka nikaona aibu. Nilijishika tumbo, nikajisikia nalirudishiwa kama kitu changu kilichokuwa kimekaa mikononi mwa watu wengine. Hasira ilikuja baadaye kidogo, nayo ilikuja yote.

"Miaka miwili nimekunywa majani," nikamwambia. "Umekaa ukiniangalia nikikunywa."

"Nilikuwa na haya."

"Na mimi? Mimi sikuwa na haya?"

Alishika nyundo kwa mikono miwili, akatazama misumari. Nilielewa hapo hapo kwa nini tulikuwa tunaondoka. Mwanaume huyu alikuwa amejenga nyumba nzima ya kukimbilia ili asiseme sentensi moja.

"Sitapanda gari hili mpaka mama yako ajue," nikasema. "Na usimwandikie barua. Umwambie kwa kinywa chako."

Alisema sawa. Siku zikapita. Kila asubuhi nilimwona akimfuata mama yake jikoni, akisimama mlangoni, akiuliza habari ya kuni au ya mbuzi, akirudi. Mimi nilipanga vyombo vyote ndani ya gari ila kimoja. Mashini yangu ya kushona niliiacha mahali pake karibu na dirisha, na yeye alijua maana yake.

Asubuhi ya kuondoka parsele ilijaa watu. Mchungaji alikuja, mawifi walikuja, na wanawake wa kwaya wakaimba. Mchungaji aliweka mkono juu ya bati la gari akaomba kwa sauti: "Bwana, wanaondoka wawili. Tunakuomba warudi watatu." Watu wakaitika amina. Mama mkwe aliitika kwa nguvu kuliko wote. Mume wangu hakuitika. Alitazama dirisha la nyumba, akaiona mashini bado ipo. Kisha akanitazama mimi, nami sikuyaondoa macho.

"Mama," akasema, "kuja kidogo."

Waliingia nyuma ya gari, akavuta milango. Mimi nilisimama kando ya gurudumu, na bati halizuii sauti. Alianza kwa kuzungukazunguka, habari ya daktari, habari ya karatasi. Mama yake akamkatiza. "Sema."

"Siyo yeye, Mama. Ni miye. Hata ukileta wanawake kumi wa Masisi, ni miye."

Nje watu walikuwa wamerudia kuimba.

"Bibi yako alijua?"

"Nimemwambia huu mwezi."

"Huu mwezi," mama akasema. Nikasikia ubao wa kitanda ukilia alipoinuka.

Alitoka akanipita bila kunitazama, akaingia ndani ya nyumba. Watu walidhani anakwenda kulia kwa sababu mwanawe anaondoka, na wanawake wawili wakamfuata, akawafukuza. Mume wangu alishuka akiwa amelowa jasho kama aliyebeba gunia. Aliingia ndani, akaibeba mashini yangu peke yake, ile ya chuma nzito ambayo siku zote iliinuliwa na watu wawili, akaifunga kwa kamba ndani ya gari. Nikapanda.

Alikuwa amekwisha kuwasha injini mama mkwe alipotoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, mkononi kikapu na jembe. Alikuja upande wangu akafungua mlango. "Sogea," akasema. "Munifikishe Kibumba. Nina viazi vyangu kule."

Tukaondoka hivyo, watatu mbele, mimi katikati. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa hamu, siku ya kutoka mikononi mwa huyu mwanamke, na sasa bega lake lilikuwa limebana langu. Tulipita kwenye mawe meusi ya volkano, tukaanza kupanda. Hewa ikawa baridi. Mume wangu alibadilisha vitesi, yaani gia, kwa uangalifu kama anayefanya mtihani.

Kibumba tulisimama kando ya shamba lake. Mume wangu alitaka kushuka, mama yake akamwambia, "Wewe baki na gari yako." Akanishika kiganja mimi, akanivuta mpaka katikati ya matuta. Niliogopa. Nilidhani ataniomba nimwache mwanawe, au niifiche siri yake.

Alianza kuchimba. Alichimba mistari miwili mizima, akitupa viazi kando, mimi nikiokota na kutia katika kikapu. Halafu, akiwa bado ameinama, akauliza, "Zile dawa ulikunywa zote kweli? Hukumwaga?"

"Nilikunywa zote, Mama."

"Ile ya majani meusi?"

"Ilikuwa chungu sana."

"Najua. Nilikuwa naionja mbele ya kukupa, nione kama haitakuua. Nilitapika siku mbili."

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni mimi. Kicheko kilinitoka puani, nikajaribu kukizuia, nikamwona naye mabega yanatikisika. Tulicheka mpaka akaketi juu ya tuta na kitenge chake cha kanisani. Kisha akaacha kucheka, akajipangusa uso kwa mkono wenye udongo.

"Nimekusema vibaya mbele ya watu wengi," akasema. "Mbele ya kanisa. Nimekusema mpaka Masisi. Mutu kwa mutu, nitaenda nirudishe maneno yangu. Lakini habari ya mwanangu sitaitangaza. Nitasema tu kwamba nilikosea juu yako. Inatosha?"

Nilifikiri kidogo, maana sikutaka kumpa jibu la adabu tu. "Inatosha," nikasema.

"Unamwacha?"

"Ningetaka kumwacha ningebaki Goma."

Akakubali kwa kichwa. Alitujazia viazi, kabeji nne na karoti za kutosha wiki mbili. Alipoagana na mwanawe alimshika shingo ya shati akamtikisa mara moja, kwa nguvu, kisha akamwachia. Tulimwacha amesimama shambani.

Kilomita kadhaa mbele mume wangu alisimamisha gari kando ya njia akalia. Nilimwacha alie. Nilikuwa bado na hasira yangu, ilikuwa itanichukua miezi, na nilimwambia hivyo. Alisema anajua. Nikamenya karoti, tukala.

Karibu na Rutshuru kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha barabarani. Askari alisoma ruhusa yetu ya njia juu chini, akachungulia nyuma, akaona kitanda, pazia, mashini na kabeji. "Munahama?"

"Tunatembea inchi," mume wangu akasema.

"Na watoto muliacha wapi?"

Kwa miaka minane swali hilo lilikuwa likinijia mimi, hata likiulizwa yeye. Mume wangu akaegemea dirisha. "Hatuna watoto, chef. Ni miye siwezi. Madame hana tatizo."

Askari alibaki na karatasi mkononi. Alinitazama, akamtazama, akakohoa, akainua mti wa bariyeri haraka kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Muende salama, sitwaye. Sitwayeni, safari njema." Hakuomba hata sigara. Tulipokuwa mbali mume wangu akasema kama ukweli unafungua bariyeri namna hiyo, angeusema zamani. Nilimpiga begani, lakini nilikuwa nacheka.

Katika vijiji vya kuingilia Rutshuru watoto walilikumbuka gari, wakatukimbilia wakipiga kelele, "Mukate! Mukate!" Ilibidi tusimame mara kwa mara kuwafungulia milango waone wenyewe. Wanawake walipoiona mashini walikwenda kuleta nguo zilizopasuka, na hivyo kazi yangu ya kwanza ya safari niliifanya kando ya njia, kabla hata ya kufika soko lolote. Nilitia viraka suruali, nikashona zipu ya sketi ya shule. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mama wa nani. Waliniita "mama wa mashini," basi.

Tulivuka uwanda wa Rwindi, nyati wakitutazama, na siku iliyofuata tukapanda Kabasha. Kilima kile kilikuwa kinatisha mashofere wote. Kona juu ya kona, na injini yetu ilikuwa ya kusambaza mkate mjini. Karibu na kileleni maji yalichemka. Mume wangu alifungua kifuniko, akalala kwenye majani chali akingoja chuma kipoe. Mimi niliketi kwenye mlango wa nyuma, miguu ikining'inia. Chini kulikuwa na uwanda wote tuliovuka. Nilijaribu kufikiri jambo la kuhangaikia, kwa mazoea, sikulipata. Nilisinzia nikiwa nimekaa. Sikumbuki kusinzia mchana tangu niolewe.

Safari ile ilichukua karibu miaka mitatu. Tulifika Kisangani, tukakwama kwenye matope mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, tukagombana, tukapatana. Mtoto hatukupata na hatukumngoja. Lakini kwangu safari yenyewe ilianzia Butembo, ambako mvua ilitukuta. Mfanyabiashara mmoja alituruhusu kuegesha nyuma ya duka lake, tukakaa pale wiki saba. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi, na mume wangu alikuwa anaamka wa kwanza kuwasha makaa, jambo ambalo katika parsele ya mama yake asingethubutu kulifanya. Nilikuwa nabaki chini ya blanketi nikisikia mvua juu ya bati mpaka chai iwe tayari. Mvua ilipopungua na njia kukauka, tukaongeza mafuta, tukashika njia ya Beni.