Sakafu ya Baraza la Zamani

Nilipokuwa na miaka tisa, katikati ya masika, Mzee Andwele alianza kutetemeka kwa baridi na hakuacha. Enzi za Waingereza alikuwa karani wa baraza la chifu. Machifu walipoondolewa alibaki akiishi kwenye jengo lenyewe, kijijini kwetu Makwale: kuta za matofali ya kuchoma, ukumbi mmoja wa kesi, na nyuma chumba cha mahabusu chenye dirisha la kupitisha mkono tu.

Sisi watoto tulijua anaumwa nini. Ilikuwa mbepo, pumzi ya baridi ya watu. Kwetu Wanyakyusa, majirani wakimkasirikia mtu kwa haki na wakanyamaza, hasira yao humwingia mwilini kama ubaridi. Dawa ni moja. Mwenye hasira aende, aseme yote mbele za watu, ajaze maji mdomoni, ayateme chini. Akishatema, amesamehe.

Waliokuwa na neno na karani walikwenda wakatema. Akabaki bibi yangu.

Babu aliwahi kukosa siku moja ya kufyatua matofali ya chifu, akafungiwa mahabusu. Mto ukafurika, maji yakaingia chumbani hadi magotini. Ufunguo alikuwa nao karani. Bibi alikwenda mara tatu kumwomba afungue, na mara zote alijibiwa kwamba amri haijaandikwa. Babu alitolewa siku ya tatu akikohoa, akafa kabla ya kuvuna mpunga. Tangu hapo bibi na karani walisali kanisa moja bila kusalimiana.

Asubuhi moja Atuganile, binti wa karani, alikuja akapiga magoti uani kwetu.

"Mama, baba anakufa. Njoo useme."

"Nani amemzuia?" Bibi alikuwa anapepeta mchele, na hakuuweka ungo chini.

"Nakuomba, mama."

"Amri haijaandikwa."

Atuganile hakuinuka mpaka mchele ukaisha. Bibi akajitanda khanga, akaniambia nibebe kibuyu cha maji.

Njiani jirani mmoja alimtania: "Mama, leo unakwenda barazani bila kuitwa?"

"Leo hakimu ni mimi. Njoo usikilize."

Ukumbi ulijaa. Karani alilala kwenye mkeka, pale pale ilipokuwa meza yake, chini ya mablanketi matatu. Bibi alisimama miguuni pake akasema yote: mvua, maji ya magotini, zile safari tatu.

"Na ufunguo ulikuwa nao mkononi," alisema. "Ulikuwa unauzungusha kwenye kidole ukiongea na mimi."

"Ni kweli," karani alisema.

Watu wakaguna. Bibi alinyoosha mkono, nikampa kibuyu. Alijaza mashavu, akainama, khanga ikamfunika uso.

"Ndaga, mama, ndaga," watu walimshukuru.

Mimi nilikuwa chini ya kiwiko chake. Nililiona koo likipanda na kushuka.

Njiani nilimwambia, "Bibi, hukutema."

"Unaona sana wewe. Beba kibuyu."

Karani alikufa kabla ya Jumapili. Bibi alipeleka mchele msibani, akakaa matanga na wanawake wenzake. Sikumwambia mtu.

Nimefanya kazi ya habari muda mrefu. Mzee wa umri ule, homa ya masika, zahanati iko ng'ambo ya mto uliofurika: kifo kile nakieleza bila maji ya bibi. Ila bibi hakuwa na maelezo yangu. Yeye aliamini akimeza, mtu atakufa, na alimeza. Kazini tunafundishwa kwamba ukweli ukishasemwa, mambo yametulia. Bibi aliusema wote, bila kuongeza neno, na hakusamehe chochote.

Mwaka huu kamati ya kijiji iliamua kulitunza jengo lile na kuliwekea kibao. Niliombwa kuhakiki maneno yake. Niliongeza mstari mmoja kuhusu mahabusu, wakaufuta. Kibao kinasema hapa alifanya kazi Andwele, karani wa kwanza mzaliwa wa kijiji hiki, mtumishi wa watu.

Siku ya kukipachika, wageni walipotoka kupigwa picha, Atuganile alinizuia ukumbini. Sasa ni bibi mwenye fimbo.

"Sakafu hii niliifagia mwenyewe mlipoondoka," alisema. "Ilikuwa kavu. Nimejiambia miaka yote kwamba ni joto la watu lililoikausha. Wewe ulikuwa karibu. Bibi yako alitema?"

"Hapana," nilisema. "Alimeza."

"Na ulijua siku ile ile."

"Nilijua."

"Baba alikuwa bado hai."

"Ndiyo."

Alichukua kikombe cha maji kwenye meza ya wageni, akajaza mashavu, akanitazama. Nilisubiri. Kisha alikirudisha kikombe mezani, akatoka kwenda kupigwa picha. Nilitazama sakafu. Ilikuwa kavu.